Joto Linapotelea Wapi? Utangulizi wa Utafiti wa Plazima ndani ya Tokamaki

Kurasa hizi zimetokana na mazungumzo ya jioni ninayofanya hapa Magomeni na vijana waliomaliza kidato cha sita, mafundi umeme na walimu wachache wa fizikia. Wote waliwahi kusikia redioni kwamba kuna watu wanaojaribu kuzalisha nishati kwa njia ileile inayoliwasha jua, na wote walitaka zaidi ya kile kinachoweza kusemwa katika dakika mbili za taarifa ya habari. Niliandika kwa ajili yao, na sasa nakuandikia wewe. Sitarajii uwe na zaidi ya fizikia ya kidato cha nne, na kama hata hiyo imeanza kukutoka, tutakumbushana njiani.

Fani yenyewe ina jina refu: utafiti wa majaribio kuhusu upashaji joto na uhamaji wa joto katika plazima ya tokamaki. Lisikutishe. Kila neno lililomo nitalieleza, na ukilifungua jina zima utakuta swali ambalo hata mtoto anaweza kuliuliza. Ukikipasha kitu moto, joto lile linapotelea wapi, na linapotea upesi kiasi gani? Kuipasha plazima moto ni kazi ambayo wataalamu wameimudu kwa zaidi ya nusu karne. Kulizuia joto lisitoroke ndiko kulikowatoa jasho, na huko ndiko ninakotaka kukupeleka.

Tuanze na plazima. Waliosoma baiolojia wataikumbuka plazima ya damu. Hii ni kitu kingine kabisa, vimekutana jina tu. Barafu ukiipasha joto huwa maji, na maji huwa mvuke. Ukiendelea kuupasha mvuke, molekuli zake huvunjika zikabaki atomi. Kila atomi ina kiini chenye chaji chanya, na pembeni yake elektroni zenye chaji hasi. Joto likizidi kupanda, atomi hugongana kwa nguvu hadi elektroni zinang'oka. Atomi iliyong'olewa elektroni huitwa ioni. Mchanganyiko wa ioni na elektroni zilizo huru ndio plazima. Kwa kuwa chembe zake zina chaji, plazima hupitisha umeme na huitii sumaku. Gesi ya kawaida haifanyi hivyo, na karibu kila kitu kinachofuata katika kitabu hiki kinasimama juu ya tofauti hiyo.

Huhitaji kusafiri ili uione. Mwali mkali wa fundi anayechomelea mageti kando ya Barabara ya Morogoro ni plazima. Radi ya masika inayomulika bonde la Jangwani ni plazima. Ndani ya tyubulaiti inayowaka mchana kutwa katika duka la vitambaa Kariakoo kuna plazima pia, na hii ya mwisho ina somo la msingi. Tulikalie kidogo, maana asiyelishika hapa atapata taabu huko mbele.

Elektroni zilizomo ndani ya tyubulaiti zina halijoto ya takriban digrii 10,000, wakati uso wa jua haufiki digrii 6,000. Hata hivyo kioo cha taa ile ni vuguvugu tu. Inawezekanaje? Halijoto hutuambia kila chembe, kwa wastani, ina nishati kiasi gani ya mwendo. Joto lililomo ni jumla ya nishati ya chembe zote kwa pamoja. Ndani ya taa chembe ni chache mno, na elektroni ni nyepesi sana, kwa hiyo kila moja ina mwendo wa ajabu lakini zote kwa pamoja hazina kingi cha kukipa kioo. Kumbe kitu kinaweza kuwa na halijoto ya kutisha huku kikibeba joto dogo. Shika hilo.

Sasa swali la pili: halijoto kubwa ni ya nini? Nishati ya jua hutokana na viini vyepesi vya atomi kuungana na kuwa kiini kizito zaidi. Tendo hilo huitwa muungano wa viini, nalo ni kinyume cha mpasuko wa viini unaotumika katika mitambo ya nyuklia iliyopo leo. Viini vyote vina chaji chanya, na chaji za aina moja hufukuzana. Viini viwili vitakaribiana vya kutosha ikiwa tu vinakuja kwa kasi kubwa, yaani halijoto ikiwa kubwa. Jozi inayokubali kuungana kwa urahisi kuliko nyingine ni deuteriamu na tritiamu, ambazo zote ni aina za haidrojeni: kiini cha kwanza kina protoni moja na nyutroni moja, cha pili kina protoni moja na nyutroni mbili. Zikiungana huzaa kiini cha heliamu na nyutroni moja inayochomoka na sehemu kubwa ya nishati. Deuteriamu imo katika maji ya bahari, kiasi cha gramu 33 kwa kila mita ya ujazo, na Bahari ya Hindi ina hisa yake. Tritiamu ni nururifu, nusu yake huisha kila baada ya miaka 12 hivi, na kwa hiyo lazima itengenezwe kutokana na lithiamu. Ili jozi hii iungane kwa wingi wa kutosha, plazima inatakiwa ifike digrii milioni 100 hadi 150.

Hapa kila mara kuna anayenyoosha mkono: kitovu cha jua kina digrii milioni 15 tu, sisi tunatakia nini mara kumi yake? Pingamizi hili ni zuri, na jibu lake linashangaza. Jua ni zembe. Kila mita moja ya ujazo katika kitovu chake hutoa chini ya wati 300, pungufu ya pasi ya umeme. Linang'aa kwa sababu ni kubwa mno, na uzito wake mwenyewe umelifunga joto ndani kwa muda mrefu sana. Sisi hatuna ukubwa huo wala uzito huo. Kwa kuwa chombo chetu ni kidogo, lazima viini viungane kwa kasi inayolizidi jua mara nyingi.

Anayefuata kunyoosha mkono huuliza: chombo gani kitahimili digrii milioni 100 bila kuyeyuka? Hakuna. Ndiyo maana plazima hupewa chombo, lakini huzuiwa isiuguse ukuta wake. Kumbuka kwamba plazima huitii sumaku. Chembe yenye chaji ikiingia katika uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, haiwezi kwenda mbele moja kwa moja kuukata uga huo. Hulazimika kuzunguka mduara mdogo. Kwa kuifuata mistari ya uga, hata hivyo, iko huru kukimbia. Mistari ikiwa imenyooka, chembe zitachomoka kwenye ncha zake. Basi ikunje mistari hiyo ikutane na kufanya duara lisilo na ncha. Chumba chenye umbo hilo la bangili nene, kilichozungukwa na koili kubwa za sumaku, ndicho tokamaki. Wazo hilo lilianza katika Muungano wa Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1950, kutoka kwa Igor Tamm na Andrei Sakharov.

Koili peke yake hazitoshi. Katika umbo la bangili uga ni mkali zaidi upande wa ndani kuliko wa nje, na tofauti hiyo huzisukuma chembe taratibu kuelekea ukutani. Dawa yake ni kuisokota mistari ya uga, na tokamaki huisokota kwa kupitisha mkondo mkubwa wa umeme ndani ya plazima yenyewe. Mkondo huo unaingizwaje pasipo waya? Kwa kanuni ya transfoma. Mafundi wa kusuka mota wa Kariakoo wataelewa sehemu hii upesi kuliko wanafunzi wangu wa chuo: koili ya katikati ya mashine ni msuko wa kwanza, na plazima ndiyo msuko wa pili, wenye mzunguko mmoja tu. Umeme ukibadilika katika koili, mkondo huzaliwa ndani ya plazima. Hapo ndipo tunapokutana na upashaji joto wa kwanza kabisa, maana mkondo ukipita penye ukinzani huzalisha joto, kama inavyotokea ndani ya pasi na heta.

Lakini njia hii ina kikomo, na sababu yake inafaa kukumbukwa. Waya wa shaba ukipata moto ukinzani wake huongezeka. Plazima hufanya kinyume. Elektroni zikiwa na kasi kubwa hupita karibu na ioni bila kusumbuliwa, hivyo ukinzani hupungua. Halijoto ya plazima ikipanda mara nne, ukinzani hushuka mara nane. Kadiri unavyofanikiwa kuipasha, ndivyo inavyokataa kupashwa zaidi kwa njia hiyo, na ukifika digrii milioni chache au makumi machache ya milioni unakwama.

Hata milioni hizo chache zilileta msisimko mkubwa. Mwaka 1968, katika mkutano uliofanyika Novosibirsk, kundi la Lev Artsimovich lilitangaza kwamba tokamaki yao ya T-3 iliyokuwa Moscow imefika karibu digrii milioni 10. Wanasayansi wa Magharibi walitilia shaka. Artsimovich aliwakaribisha wapimaji kutoka Culham, Uingereza, nao wakaenda na leza yao, katikati ya Vita Baridi. Mwanga wa leza ukipita katika plazima, sehemu ndogo mno hutawanywa na elektroni. Elektroni zinazokuja upande wetu huusogeza mwanga kuelekea bluu, zinazotukimbia huusogeza kuelekea nyekundu. Rangi moja iliyoingia hutoka ikiwa imepanuka, na upana wake ndio kipimo cha halijoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 1969: Warusi walisema kweli. Nchi nyingi ziliacha mashine zao za awali zikaanza kujenga tokamaki. Naipenda habari hii kwa sababu waliobishana walikubali kusuluhishwa na kipimo.

Ili kuvuka kikomo cha mkondo, zilibuniwa njia nyingine. Ya kwanza ni mwale wa chembe. Ioni hukimbizwa kwa volti nyingi sana, lakini ioni haiwezi kuuvuka uga wa sumaku kuingia ndani, kwa hiyo kabla ya kufika hupitishwa katika gesi, ikarudishiwa elektroni na kuwa atomi isiyo na chaji. Atomi hiyo hupita uga bila kuzuiwa, hufika ndani, hung'olewa elektroni tena, na sasa imenaswa pamoja na kasi yake yote, ambayo huigawa kwa wenzake kwa kugongana nao. Katika mashine ya JET ya Culham volti hizo zilizidi 100,000. Katika ITER, tokamaki kubwa inayojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, zinapangwa kuwa milioni 1.

Njia ya pili ni mawimbi ya redio. Kila chembe inazunguka mduara wake kwa mwendo unaotegemea ukali wa uga. Ukituma wimbi lenye masafa yanayolingana na mzunguko huo, chembe hulipokea na kuongeza kasi. Kwa ioni, masafa yaliyopangwa ITER ni megahezi 40 hadi 55, chini kidogo ya redio za FM. Kwa elektroni, ambazo huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, ni gigahezi 170, karibu mara 70 ya yale yanayopasha chakula katika maikrowevu ya nyumbani. Uzuri wa njia hii ni ulengaji wake. Kwa kuwa uga hupungua kadiri unavyokwenda upande wa nje wa bangili, kila masafa yana mahali pake pa kupokelewa, na mtafiti anaweza kuchagua apashe wapi. Tutauhitaji ulengaji huo muda si mrefu.

Sasa tumefika kwenye kiini cha kitabu. Fikiria simtanki lililo juu ya paa la nyumba ya Magomeni, lenye ufa chini. Maji yanaingia kwa bomba na kuvuja kwa ufa. Kina kitapanda hadi mahali ambapo kinachovuja kinalingana na kinachoingia, kisha kitatulia hapo. Katika plazima, maji ni nishati, bomba ni mitambo ya upashaji, kina ni halijoto. Ukigawanya nishati iliyomo kwa kiasi kinachoingia kila sekunde unapata muda, nao huitwa muda wa kutunza nishati. Ndio muda ambao nishati, kwa wastani, inakaa ndani kabla ya kutoroka. Na ugumu wa fani hii ni kwamba, plazima ikiwa katika hali yake ya kawaida, ukifungua bomba zaidi ufa nao unapanuka. Ongeza upashaji mara mbili, na halijoto haipandi mara mbili; muda wa kutunza nishati umeshapungua. Majaribio ya mapema ya miaka ya 1980 yalilionyesha jambo hili katika mashine baada ya mashine, na liliwakatisha watu tamaa.

Tuliweke katika tarakimu zilizo karibu na zile za JET. Plazima iliyopashwa kwa megawati 25 na kubeba nishati ya megajuli 10 ina muda wa kutunza nishati wa sekunde 0.4. Megajuli 10, kwa lugha ya LUKU, hazifiki uniti tatu. Naam, maada yenye halijoto kubwa kuliko kitovu cha jua, ikijaza chumba kizima, inabeba joto la uniti zisizofika tatu. Ni lile somo la tyubulaiti: chembe za plazima hii ni chache kuliko za hewa tunayovuta kwa takriban mara laki mbili na nusu. Ndiyo maana ikigusa ukuta inapoa papo hapo na haiwezi kulipua mji, ingawa inaweza kuuumiza vibaya ukuta wa mashine.

Kuna mkanganyiko mmoja wa kuuondoa mapema. Februari 2025 tokamaki ya WEST, nayo ya Cadarache, ilidumisha plazima kwa sekunde 1,337. Huo ni muda ambao plazima ilikuwa hai huku ikiendelea kupashwa. Muda wa kutunza nishati ni kitu kingine, nao katika mashine zilizopo ni sekunde moja au pungufu. Simtanki linaweza kuwa na maji mwaka mzima wakati hakuna tone linalokaa humo zaidi ya saa moja.

Basi joto linatorokaje? Jibu la kwanza ambalo mwanafizikia angetoa ni migongano. Ioni inazunguka mduara wa milimita chache. Ikigongana na nyingine, inahama hatua moja yenye upana wa mduara huo. Kwa hatua fupi kama hizo, kuvuka mita moja hadi ukutani kungechukua muda mrefu sana, na kama hesabu hii ingekuwa kweli, tungekuwa na mitambo ya muungano wa viini tangu zamani.

Jibu la pili linatilia maanani umbo la bangili. Kwa kuwa uga ni mkali upande wa ndani, baadhi ya chembe hushindwa kupita huko, zikarudishwa, na kubaki zikienda na kurudi upande wa nje. Ukiichora njia yao inatokea umbo la ndizi, na kweli wataalamu dunia nzima huziita njia za ndizi. Ndizi ni pana kuliko mduara, hivyo kila mgongano huihamisha chembe hatua ndefu zaidi. Hesabu hii ilifanywa kwa ukamilifu na Albert Galeev na Roald Sagdeev mwishoni mwa miaka ya 1960, na ni moja ya kazi nzuri kabisa za nadharia ya plazima.

Kisha wakaja wapimaji, na vipimo vyao vikakataa. Ioni zilikuwa zikipoteza joto mara kadhaa zaidi ya hesabu ya ndizi, na elektroni hata mara mia. Kwa miaka mingi tofauti hiyo iliitwa tu uhamaji usio wa kawaida, jina lililokiri kwamba haijulikani unatokana na nini.

Niruhusu nikumbushe hapa habari ambayo kila Mtanzania anayesoma fizikia anapaswa kuijua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, aliweka maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friza na kuona yanaganda kabla ya yaliyokuwa yamepoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, wanafunzi wenzake wakacheka, lakini Osborne alirudi akaagiza jaribio lifanywe. Makala yao ya pamoja ilichapishwa mwaka 1969, mwaka uleule wa leza ya Moscow. Hadi leo wapimaji wanabishana tokeo hilo hutokea katika mazingira gani, na hata kama hutokea. Lakini mahali pa kubishania ni maabara, na Mpemba ndiye aliyewapeleka huko. Joto linalohama ni somo ambalo tangu zamani limekuwa na Mtanzania ndani yake.

Turudi kwenye plazima. Kisababishi cha ule uhamaji usio wa kawaida kiligeuka kuwa msukosuko. Katikati ya plazima ni digrii milioni 100, na mita moja au mbili kutoka hapo kuna ukuta. Mteremko huo wa halijoto, yaani kiasi inachoshuka kwa kila sentimita, hauwezi kutulia. Vimbunga vidogo vya milimita hadi sentimita chache huzaliwa ndani yake, vikachota plazima ya moto na kuitupa nje, na kuleta ya baridi ndani.

Tulijuaje? Jaribio ninalolipenda kuliko yote linatumia ule ulengaji wa mawimbi. Chagua mahali ndani ya plazima, kisha washa na kuzima upashaji wa elektroni mara makumi kwa sekunde. Joto linalofika pale huenda nje kama wimbi. Sasa lipime likipita. Elektroni zinazozunguka nazo hutoa mawimbi. Masafa yake yanakuambia yametoka wapi, na ukali wake unakuambia halijoto ya hapo. Kwa kupokea masafa mengi kwa wakati mmoja unapata kama vipimajoto kadhaa vilivyopangwa mstari, mahali ambapo hakuna kipimajoto kingedumu hata kidogo. Wimbi la joto limechelewa kiasi gani kati ya kituo kimoja na kingine? Limefifia kiasi gani? Kutokana na mambo hayo mawili unakokotoa kasi ya kuenea kwa joto.

Majaribio ya namna hii yalitoa tokeo lisilotarajiwa. Katika mashine nyingi mawimbi hayo yalienea haraka kuliko ilivyotarajiwa kwa kuangalia tu joto linaloingia na kutoka katika plazima iliyotulia. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba mteremko una kizingiti. Chini ya kizingiti, msukosuko ni mdogo. Ukikivuka hata kidogo, msukosuko unalipuka na kulimwaga joto lililozidi. Mteremko unakuwa mkaidi: ongeza upashaji, nao unabaki karibu palepale. Ukishalielewa hili unaelewa kwa nini ufa wa simtanki unapanuka. Unaelewa pia kwa nini halijoto ya kitovu inategemea sana halijoto ya ukingo, maana mteremko ukiwa haubadiliki, njia ya kupandisha kilele ni kuinua kitako.

Kitako kiliinuka chenyewe. Mwaka 1982, katika tokamaki ya ASDEX huko Garching karibu na München, Fritz Wagner alikuwa akipasha plazima kwa mwale wa chembe. Upashaji ulipovuka kiwango fulani, plazima ilibadilika ghafla, na muda wa kutunza nishati ukawa karibu mara mbili. Vipimo vilionyesha kwamba ukingoni, katika tabaka la sentimita chache tu, msukosuko ulikuwa umezimwa na mteremko umekuwa mkali sana. Maelezo yanayokubaliwa leo ni kwamba plazima ya ukingoni huanza kutiririka, tabaka moja kwa kasi tofauti na jirani yake, na tofauti hiyo huvichana vimbunga kabla havijakua. Hali hiyo huitwa hali ya utunzaji wa juu, na mpango wa ITER umejengwa juu yake. Ina gharama yake, kwa kuwa ukingo huo mkali hubomoka mara kwa mara na kutupa joto ukutani kwa mafungu. Sura ya saba imetengwa kwa tatizo hilo.

Tumefika wapi? JET, iliyoanza kazi mwaka 1983, ilitoa megawati 16 za muungano wa viini mwaka 1997 ikipashwa kwa megawati 24. Mwaka 2023, kabla tu ya kufungwa, ilitoa megajuli 69 katika sekunde 5, kiasi cha uniti 19 za LUKU, kutokana na miligramu 0.2 za fueli. Bado ilikula zaidi ya ilichotoa. ITER imekusudiwa kutoa megawati 500 za joto kwa upashaji wa megawati 50, na muda wa kutunza nishati wa karibu sekunde 3.7. Haitazalisha umeme, ni maabara. Anayekuambia kwamba umeme wa namna hii unakaribia kufika kwenye nguzo za Magomeni anakudanganya, na anayekuambia kwamba hautafika kamwe hajafuatilia vipimo.

Unaweza kuuliza kama kuna nafasi yetu humu. Tanzania haina tokamaki. Afrika imewahi kuwa nazo: Tokoloshe huko Pelindaba, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, na Egyptor huko Inshas, Misri. Kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, ambacho Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea, kilifungua milango yake kwa semina ya fizikia ya plazima. Mshirika wake wa kanda yetu yuko Kigali, umbali wa safari ya basi. Na takwimu za majaribio ya MAST, tokamaki nyingine ya Culham, zimewekwa wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Kuchambua wimbi la joto hakuhitaji mashine iwe chini ya dirisha lako. Kunahitaji logariti, kalkulasi kidogo, programu ndogo na subira nyingi.

Mambo mengi bado hayajajibiwa. Uhamaji wa joto kupitia elektroni haujaeleweka vizuri kama wa ioni. Kiwango cha upashaji kinachoibadilisha plazima kuingia hali ya utunzaji wa juu bado hukadiriwa kutokana na takwimu za mashine nyingi, kwa sababu nadharia haijaweza kukitoa yenyewe. Wewe unayesoma hivi leo ukiwa na umri wa miaka ishirini unaweza kuwa miongoni mwa watakaoyajibu.

Sura ya kwanza inaanza na chembe moja ndani ya uga wa sumaku ulionyooka. Chukua kalamu na karatasi, chora mwenyewe mduara wake kabla ya kutazama mchoro wangu, na usifungue sura ya pili mpaka umeweza kukokotoa ukubwa wa mduara huo.